Rangi Mbili za Gharika

Siku tuliyomzika Dada Hamaro kule Kulesa, mwezi uliopita, binti yake alinivuta pembeni ya turubai akanitia mkononi kitu kizito kilichofungwa kwa kipande cha leso. "Mwalimu, mama alisema hii Biblia ni yako. Uliisahau ulipokwenda misheni." Aliniambia kwa upole, kama mtu anayerudisha sufuria ya jirani. Kuisahau! Mimi sikuisahau hata siku moja. Niliiacha makusudi juu ya meza ya mama yake, nikaondoka Garsen bila kuangalia nyuma, kwa sababu ndani yake kulikuwa na kurasa chache nilizozifanyia jambo nikiwa na miaka kumi na tisa, na sikutaka kujua jambo lile lilimfanyia nini mama wa watu. Sasa imekaa juu ya kabati langu wiki tatu, fundo la leso halijaguswa. Mke wangu ananicheka. "Mtu mzima na mvi zako, unaogopa kitabu?" Naogopa, ndiyo. Nimeona niandike kwanza, halafu nifungue.

Mwaka ule nilikuwa mwalimu wa kujitolea katika shule moja ya msingi nje kidogo ya Garsen, na nilikaa katika chumba cha uani kwa Dada Hamaro. Sebule yake ndiyo iliyokuwa kanisa letu. Nimeingia makanisa makubwa tangu hapo, yenye zulia na feni, lakini sijaona lililonipendeza kuliko ile sebule: kuta za udongo zilizopakwa chokaa hadi nusu, chokaa ilipoishia, viti sita vya mbao, kimoja kikiwa na mguu uliofungwa kamba, mikeka miwili, meza yenye kitambaa alichokifuma mwenyewe, na kwenye kona, nyuma ya pazia, jiko la makaa, hata tukasikiliza mahubiri yote pamoja na harufu ya kambare wa nazi. Watu wanatuita Wamormoni. Tulikuwa tisa mji mzima. Jumapili tulimega mkate na kunywa maji badala ya divai, maji ya mto yaliyochemshwa mpaka yakakoma ubishi, na sisi wanaume tulivaa mashati meupe na tai katika joto ambalo mbuzi wenyewe walikuwa wamelikimbia wakaingia chini ya malori. Dada Hamaro alikuwa na umri wa mama yangu, na Ndugu Komora, kiongozi wa kikundi, alikaribia umri wa babu yangu, lakini ndani ya sebule ile sote tulikuwa ndugu na dada. Ibada ikiisha tu, Dada Hamaro alirudi kuniita mwanangu na kunituma kuni.

Lakini kilichotujulisha mjini kuliko tai ni chai. Sisi hatunywi chai wala kahawa, na ninakuomba wewe msomaji ujaribu kukataa chai nyumbani kwa mtu Garsen. "Unaumwa?" La. "Umefunga?" La. "Basi nimekukosea nini?" Nilipoteza marafiki wawili hivi hivi. Aliyeniokoa ni Mama Amina, Muorma aliyekuwa jirani yetu, aliyepita kila asubuhi na kibuyu cha maziwa. Aliposikia habari zangu alisimama mlangoni akanitazama kuanzia kichwani hadi miguuni. "Maskini, hata kahawa? Basi njoo kwangu, mimi nitakupa kinywaji ambacho hakina dini." Tangu siku ile nilipewa maziwa matupu kila nilipopita, na mtaa mzima ukaniita Mwalimu Maziwa. Mpaka leo ukifika pale ukaniulizia kwa jina langu la Buya, watakuambia hawamjui.

Yalipokuja mafuriko, barabara ilikatika pande zote mbili, shule ikafungwa, na sisi tukabaki kisiwani. Nyumba ya Dada Hamaro ilikuwa juu ya mwinuko, kwa hiyo maji yaliishia kwenye choo cha jirani, lakini shamba lake la Kulesa lilimezwa lote, ndizi na mpunga. Ndugu Komora, ambaye nyumba yake iliingia maji mpaka kitandani, alihamia kwetu na godoro moja na daftari moja. Mzee yule alikuwa amestaafu kazi ya kupima maji katika mradi wa kilimo cha umwagiliaji. Miaka yake yote alikuwa akienda kwenye nguzo iliyosimamishwa mtoni, anasoma alama, anaandika. Na hapo ndipo nilipoanza kusikia vile vita vya maneno vilivyonichekesha muda wote wa mafuriko. Nikiwa chumbani kwangu nilisikia, kupitia ukuta, namna mgeni alivyosimuliwa mafuriko. Ndugu Komora angeanza: "Jumanne, saa kumi na mbili asubuhi, maji yalikuwa futi kumi na tano. Jumatano, kumi na saba na nusu." Dada Hamaro angemkatiza kutoka jikoni: "Jumanne gani, Ndugu? Maji yalikuja nikiwa nasonga ugali. Kuku wa manyoya meupe alipanda juu ya kinu, nikajua." "Hiyo ilikuwa Jumatano." "Mimi sijui Jumatano, najua ugali." Mgeni alicheka, akala, akaenda zake akiwa amesikia mafuriko mawili. Wala sikuwahi kumsikia hata mmoja akiuliza ni nani kati yao anayesema uongo.

Sasa kitabu. Tulipokuwa tukiokoa vitu vya shule, tukivipandisha juu ya madawati, nilikuta kwenye stoo kitabu cha Kiingereza kilichopoteza jalada na kurasa zote za mbele, hata leo sijui kiliitwaje wala nani alikiandika. Kilikuwa cha msomi wa Biblia. Kwa kuwa sikuwa na kazi, nilikisoma kwa wiki tatu nikiwa nimelala juu ya magunia ya mahindi. Mtu yule aliandika kwa utulivu, bila dharau hata kidogo, na hilo ndilo lililonitisha. Angetukana ningemtupa mtoni. Alisema habari ya gharika ya Nuhu ni masimulizi mawili ya zamani yaliyosukwa pamoja kama nywele. Katika moja, wanyama wanaingia wawili wawili. Katika la pili, wale walio safi wanaingia saba saba. Katika moja mvua ni ya siku arobaini. Katika la pili maji yanatawala siku mia na hamsini. Niliamka pale juu ya magunia nikasema kwa sauti, "Mwongo huyu." Kisha nikaenda kutazama. Biblia yangu mwenyewe ilikuwa imeloa ikavimba kama mandazi, kwa hiyo nilichukua ile ya kikundi, kubwa, iliyokaa juu ya kile kitambaa cha kufumwa. Nikasoma sura zile polepole. Jamani, ni kweli! Yapo pale pale, machoni pa kila mtu, na nilikuwa nimeyasoma mara kumi bila kuyaona.

Watu wetu wana mazoea ya kutia rangi maandiko. Ukimpa Mmormoni Biblia bila penseli ya rangi, hajui aanzie wapi. Basi nilichukua penseli za darasa, nyekundu na bluu, nikaanza kutenganisha masimulizi, mstari kwa mstari, kama kile kitabu kilivyoelekeza: bluu kwa yule wa vipimo na tarehe, nyekundu kwa yule wa pili. Nilidhani nitafuta kabla ya Jumapili. Lo, penseli za rangi hazifutiki! Nilisugua kwa ufutio, nikasugua kwa mkate, nikaona ukurasa unaanza kutoboka, nikaacha. Na furaha niliyoipata nikichora ilipopoa, hofu ikaingia. Mwezi uliofuata Ndugu Komora alitakiwa kuandika barua ya kunipendekeza kwenda misheni, miaka miwili ya kuhubiri, jambo ambalo nililitaka kuliko kitu chochote duniani. Ataandikaje barua ya mtu aliyeikatakata Biblia kwa rangi? Na mimi mwenyewe, nitasimamaje mbele ya watu niseme najua, wakati sijui tena wanyama walikuwa wangapi? Zaidi ya yote nilimfikiria Dada Hamaro. Mama yule alikuwa amepoteza shamba, mbuzi, na akiba yote ya mpunga, na kila asubuhi nilimwona anasimama mbele ya ile Biblia kabla ya kuwasha jiko, anaigusa jalada kwa vidole viwili, kisha anaendelea na siku. Hicho ndicho kitu pekee ambacho maji hayakumchukulia. Nikaona nimekichukua mimi.

Niliamua nimwambie Jumamosi. Jumamosi nikasema nitamwambia kesho yake asubuhi. Asubuhi nikakuta watu wameshakaa. Na somo la siku ile, kwa mafuriko tuliyokuwa nayo, ungetegemea liwe nini? Dada Hamaro, ndiye aliyekuwa mwalimu wetu wa Jumapili, alisimama akasema tutasoma habari za Nuhu, akafungua kurasa zangu. Nilifunga macho. Sasa sikiliza jambo ambalo lingeweza kutokea kwenye sebule ile tu. Dada Hamaro alikuwa na mtindo wake: akitaka watu wawili wasome kwa kupokezana, aliwatilia alama za rangi mapema, huyu asome nyekundu, huyu bluu. Wiki ile hakuwa ametia alama yoyote. Alipoziona akadhani Ndugu Komora amemsaidia kazi. Nikamsikia anasema kwa furaha, "Ndugu, kumbe umetuandalia! Ahsante sana." Ndugu Komora aliinuka kutoka kwenye kiti cha kamba, akavaa miwani, akachungulia begani kwake, na kwa kuwa hakuwa mtu wa kubishana mbele ya watu alisema tu, "Haya. Wewe soma nyekundu. Mimi bluu. Na tusome nyekundu yote kwanza, tusichanganye watu."

Basi wakasoma. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilisikia gharika mbili. Dada Hamaro alianza, na katika nyekundu, jambo la kwanza kabisa ni kwamba Mungu anaumia moyoni. Alisimama hapo. Akasoma tena. Kisha akaendelea hadi mahali ambapo Nuhu ameshaingia na Bwana mwenyewe anamfungia mlango kwa nje, na hapo sauti yake ikabadilika. "Amemfungia kwa mkono wake," alituambia. "Mimi usiku ule nilifungiwa na nani? Mlango wangu hauna komeo." Alimaliza na njiwa, na sadaka, na harufu iliyompendeza Bwana mpaka akaahidi hatarudia tena. Ndipo Ndugu Komora akapokea bluu, na mzee aling'aa kama kijana. Urefu wa safina kwa dhiraa! Upana! Kimo! Alisimamisha kusoma akapima dhiraa kwa mkono wake, kiwiko hadi ncha ya kidole, akazidisha kichwani, akatangaza kwamba safina ingeanzia kwenye jiko la Dada Hamaro ikavuka mtaa na kuishia karibu na kituo cha mafuta. Mwezi wa ngapi, siku ya ngapi, maji yalipanda dhiraa ngapi juu ya milima. "Huyu," alisema huku akigonga ukurasa, "huyu alikuwa na nguzo yake ya kupimia."

Mama Amina alikuwa amekaa mlangoni na kibuyu chake. Alikuja kuchukua chombo chake cha jana, akasikia Nuhu, akabaki, maana Nuhu ni wake pia. Ndugu Komora aliposoma kwamba kila mnyama aliingia wawili wawili, alishindwa kujizuia. "Astaghfirullahi, Mzee Komora, ng'ombe wawili tu? Mmoja akiugua njiani? Kwa Nuhu, mtu mwenye akili yake?" Dada Hamaro akaeleza kwamba katika nyekundu wale walio safi walikuwa saba saba. "Hapo sasa!" Mama Amina akapiga paja. "Huyo wa nyekundu amefuga. Mwenye wawili ameandika hesabu tu." Sebule nzima ilicheka, tai zetu zikatikisika, mimi mwenyewe nikacheka mpaka nikasahau kwamba nangoja hukumu. Kisha nikamwona Dada Hamaro. Yeye hakucheka. Alikuwa anapitisha kidole juu ya mistari, nyekundu, bluu, nyekundu, na uso wake sikuweza kuusoma. Alifunga Biblia kabla ya wimbo wa mwisho, akaikumbatia kifuani. "Hii nitakaa nayo," alisema, akaingia nayo chumbani kwake, na Biblia ya kikundi haikurudi tena juu ya kitambaa. Jumapili zilizofuata alisomea nakala nyingine ndogo. Mara mbili nilifungua mdomo nimuulize, mara mbili akanituma kuni.

Ndugu Komora aliniita wiki ileile nyuma ya nyumba, alipokuwa ameanika kurasa za daftari lake juani, kila ukurasa ukiwa na jiwe lake. "Ndugu Buya, mimi sikutia rangi. Hamaro hakutia rangi. Mama Amina ni Mwislamu. Nani amebaki?" Nilimwambia yote, na kitabu nikamletea. Aligeuza kurasa mbili tatu akanirudishia, Kiingereza kile kilimshinda. "Na sasa unaonaje? Ni uongo?" Nikasema sijui. Nikasema naamini, lakini sijui tena naamini vipi, na kama hawezi kuandika barua nitaelewa. Nililia, sina haja ya kuficha. Mzee akahamisha jiwe moja kutoka ukurasa mmoja kwenda mwingine. "Kile kitabu chetu kingine," akasema, "kile wanachotutania nacho watu, kina jina la nani?" Nikamtajia Mormoni. "Kazi yake ilikuwa nini?" Hapo nililiona jibu likija. Mtu yule, tunavyoamini sisi, alikaa na marundo ya kumbukumbu za waliomtangulia, akachagua, akafupisha, akaunganisha, na pale alipokatiza akasema wazi kwamba anakatiza. "Sisi watu wa dini hii," Ndugu Komora akasema, "kitabu chetu kimebeba jina la mtu aliyeshona vitabu vya wengine, halafu wewe unakuja kulia kwangu kwa sababu kitabu cha Musa nacho kimeshonwa? Nenda kanawe uso." Nilicheka na kamasi zangu. Nilipogeuka akaniita tena. "Mimi na Hamaro tumekuwa tukisimulia maji haya miezi miwili. Umewahi kufikiri mmoja wetu hakuwepo?"

Aliandika barua. Niliiona, mistari sita, na mmojawapo ulisema kwamba kijana huyu husoma sana na hutubu haraka. Barabara ilipofunguliwa nilipanda lori la kwanza. Dada Hamaro alinifungia ndizi za kuchemsha na kambare mkavu, akatoka chumbani na ile Biblia, akaninyooshea. "Hii ni ya kwako sasa, umeiharibu mwenyewe." Alitabasamu? Nimejiuliza miaka yote hii. Nilisema ahsante, nikaiweka juu ya meza, nikajifanya nafunga kamba za viatu, nikatoka bila hiyo. Sikuweza kuibeba. Niliona nikiibeba nitakuwa nimekubali kwamba nimemnyang'anya. Nilihubiri miaka miwili, nikarudi nikawa mwalimu wa kuajiriwa mbali na mto, nikaoa, nikafundisha darasa la Jumapili mpaka leo, rangi na masimulizi na yote, na watu wengine hunikasirikia na wengine hukaa baada ya kipindi kuuliza zaidi. Tuliandikiana na Dada Hamaro, baadaye tukapigiana simu. Tulizungumza mpunga, wajukuu, goti lake. Gharika hatukuigusa, mimi kwa woga, yeye sijui kwa nini.

Nimefungua sasa hivi. Mke wangu amekaa hapa kando, amechoka kunisubiri, fundo la leso amelifungua yeye. Kwenye kurasa za Nuhu rangi zangu zipo, na tundu dogo nililotoboa kwa kusugua. Nikageuza ukurasa nipite. Rangi zikaendelea. Nyekundu, bluu, nyekundu, kwa mkono ambao si wangu, mistari iliyonyooshwa kwa rula. Nikarudi mwanzo kabisa, kwenye uumbaji: bluu kwa zile siku sita zilizohesabiwa, nyekundu kwa yule Mungu anayefinyanga udongo. Ibrahimu. Yusufu na ndugu zake, ambapo ameweka alama ya kuuliza. Bahari ya Shamu. Amekosea mahali pengi, wasomi wangemcheka, maana hakuwa na kitabu chochote cha kumwongoza. Alikuwa anasikiliza tu nani anahesabu na nani anaumia moyoni. Pembeni ameandika kwa kalamu: "huyu Komora", "huyu mimi", na mahali pamoja penye kondoo wengi, "huyu Mama Amina". Miaka yote ile niliyomkwepa, mama alikuwa anasoma, na alikuwa na raha yake.

Ameishia katikati ya habari za kijana Daudi, mstari wa nyekundu umekatika kabla ya nukta. Kwenye mkunjo wa ukurasa ule kuna penseli mbili zimefungwa pamoja kwa uzi, zile zile za darasa langu nilizoziacha kwake. Bluu imebaki nusu kidole. Nyekundu ni kipande tu, haikamatiki vizuri. Mke wangu aliuliza nalia nini, nikamwambia aniletee kisu. Nimeichonga taratibu isivunjike. "Sasa soma," nimemwambia, "kuanzia hapa alipoachia." Amevaa miwani, amekaa sawa, anasoma, na mimi nasikiliza ni nani huyu anayesema.